Android ni programu huria, mbona simu yangu hainitii?

Swali: Nimesoma mara nyingi kwamba Android ni programu huria, kwamba mtu yeyote anaweza kuchukua msimbo wake na kuutumia apendavyo. Lakini simu yangu imejaa programu ambazo sikuziomba na haziondoki. Masasisho yalikoma baada ya miaka miwili hivi, ingawa simu yenyewe ni nzima. Nikaweka mfumo mwingine uliotengenezwa na watu wa kujitolea. Ukafanya kazi vizuri, ila programu ya benki ikagoma kufunguka. Je, huo uhuria ni wa kweli au ni maneno ya matangazo? Na kama ni maneno tu, si afadhali ninunue iPhone nijue moja?

Jibu: Uhuria huo ni wa kweli, ndugu yangu, ila umeutafuta mahali ambapo haukuwekwa. Leseni huria hukupa haki juu ya msimbo. Kuhusu kifaa ulichoshika mkononi haisemi lolote, na kati ya msimbo na kifaa kuna mikataba, kuna chipu, na kuna funguo za kidijitali, vyote mikononi mwa kampuni. Malalamiko yako matatu yameangukia humo humo, kila moja na mahali pake, kwa hiyo nitayafuata kwa mpangilio uliyoyaleta.

Kabla ya hapo tuifungue hiyo Android tuone ndani mna nini, maana jina moja limebeba vitu kadhaa. Chini kabisa kuna kiini cha Linux, sehemu ya mfumo inayosimamia vipande vya simu, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini hicho kiko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, na leseni hiyo ina sharti: ukisambaza kifaa chenye kiini ulichokibadilisha, aliyekipokea ana haki ya kupewa msimbo wake pamoja na mabadiliko yako. Juu ya kiini kuna Android yenyewe, ile ambayo Google huichapisha kwa jina la AOSP, yaani mradi wa Android huria, na sehemu yake kubwa iko chini ya leseni ya Apache. Apache haina sharti la kurudisha. Chukua, badilisha, funga, uza. Hakuna wa kukudai. Leseni hiyo ilichaguliwa kwa makusudi Android ilipotangazwa mwaka 2007, kwa kuwa watengenezaji wa simu hawakuwa tayari kuonyeshana walichoongeza. Halafu juu kabisa kuna Play Store, Gmail, Google Maps, na kundi la huduma za chinichini liitwalo Google Play Services. Tabaka hili la juu si huria hata kidogo, na ndilo watu wengi wanalolikusudia wanaposema "Android".

Tena vitu vimekuwa vikihama kutoka tabaka la kati kwenda la juu. Miaka ya mwanzo kicheza muziki, kalenda na kibodi vilikuwa ndani ya AOSP. Google wakatengeneza matoleo yao yaliyofungwa, wakayanenepesha mwaka hadi mwaka, na yale huria wakayaacha yadhoofike. Leo msanidi anayetaka programu yake itume arifa au ijue simu iko wapi, njia rahisi kuliko zote hupitia Play Services. Hivyo hata programu isiyo ya Google hujikuta imefungiwa kwa Google, na hakuna leseni iliyovunjwa hapo.

Sasa zile programu zisizoondoka. Chanzo chake ni mikataba. Mtengenezaji wa simu anaweza kuichukua AOSP bila kumwomba mtu ruhusa, lakini Play Store haipati mpaka atie saini, na bila Play Store simu yake haiuziki kirahisi nje ya China. Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34 kwa sababu ya masharti yaliyokuwa ndani ya mikataba hiyo. Ukitaka Play Store, weka pia Google Search na Chrome. Ukitia saini, usiuze hata simu moja yenye toleo la Android ambalo Google hawakuliidhinisha. Septemba 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliipunguza faini hiyo hadi bilioni 4.125, lakini sehemu kubwa ya uamuzi ikabaki imesimama.

Sharti hilo la pili ndilo linaloniudhi zaidi, na watu wengi hawalijui. Mwaka 2012 kampuni ya Acer ilikuwa imeandaa uzinduzi wa simu yenye mfumo wa Aliyun, kazi ya Alibaba ya China. Uzinduzi ukafutwa dakika za mwisho. Alibaba wakasema Google waliibana Acer. Google wakajibu kwamba Aliyun ni Android isiyolingana na Android nyingine, na Acer ni mwanachama wa muungano uliokubali kutozitengeneza za namna hiyo. Zisome kauli zote mbili uone kwamba hazipingani sana. Msimbo ulikuwa huru kwa yeyote, lakini aliyetaka kuutumia alikuwa ameshajifunga kwa saini yake mwenyewe.

Huawei ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu unaonyesha pande zote mbili. Serikali ya Marekani ilipoiweka kwenye orodha ya vikwazo Mei 2019, Huawei walikosa huduma za Google kwenye simu zao mpya. AOSP hawakunyang'anywa, na hakuna aliyeweza kuwanyang'anya: waliendelea kutoa simu zenye msimbo huo huo huria wakiwa wanajenga mfumo wao wa HarmonyOS. Huo ndio uhuria ukifanya kazi yake. Ila wanunuzi wa nje ya China waliziona simu zisizo na Play Store wakazipita.

Ukiacha programu za Google, kuna zile za mtengenezaji mwenyewe na za kampuni zilizomlipa ziwekwe humo. Simu za bei ya chini huacha faida kiduchu, kwa hiyo nafasi kwenye skrini yako nayo huuzwa. Programu hizo hukaa kwenye sehemu ya mfumo isiyoandikika, ndiyo maana mipangilio hukupa kitufe cha kuzizima tu, na wakati mwingine hata hicho hakipo. Dawa ipo, na haihitaji kuruti simu, yaani kujipa mamlaka yote juu ya mfumo wake. Washa chaguo za wasanidi, unganisha simu na kompyuta yenye adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, kisha utumie amri ya `pm uninstall --user 0` ikifuatiwa na jina la kifurushi cha programu hiyo. Haifutwi kwenye mfumo, inaondolewa kwenye akaunti yako, na ukirudisha simu katika hali ya kiwandani itarejea. Usiguse kifurushi usichokijua kazi yake. Nimeona simu zikikosa kupokea simu kwa sababu mtu alifuta "takataka" iliyokuwa na jina gumu.

Masasisho nayo ni habari ya chipu. Kompyuta ya miaka kumi iliyopita inaweza kupokea Linux ya leo kwa sababu draiva, yaani programu zinazoendesha vipande vyake vingi, zimo ndani ya kiini chenyewe, wazi, na watu huzitunza. Simu haiko hivyo. Kampuni za chipu kama Qualcomm au MediaTek humpa mtengenezaji draiva na programu zilizofungwa, zikiwa zimeshonewa toleo fulani la kiini. Kampuni ya chipu ikiacha kuzihudumia, mtengenezaji wa simu hubaki na mfumo asioweza kuupandisha bila kazi kubwa. Google walijaribu kulegeza fundo hilo mwaka 2017 kwa mradi wa Treble, ulioanza na Android 8, kwa kuitenganisha sehemu ya mtengenezaji wa chipu na mfumo uliobaki. Ulisaidia.

Hata hivyo sitaki ubebe wazo kwamba chipu ndiyo kisingizio halali cha kila kitu. Kampuni ndogo ya Uholanzi, Fairphone, ilianza kuuza Fairphone 2 mwaka 2015. Qualcomm waliacha kuihudumia chipu yake mapema, lakini Fairphone wakaendelea kuisasisha simu hiyo hadi mwaka 2023, wakisaidiwa na kazi ya jumuiya ya LineageOS, mfumo unaotokana na Android na kutunzwa na watu wa kujitolea. Kama kampuni ndogo kiasi hicho iliweza, wakubwa walikosa nini? Walikosa sababu ya kibiashara, kwa sababu simu ya zamani inayoendelea kufanya kazi vizuri ni simu mpya ambayo haikununuliwa. Tazama ilivyokuwa sababu ilipopatikana: Oktoba 2023 Google waliahidi miaka saba ya masasisho kwa Pixel 8, na Januari 2024 Samsung wakafuata kwa Galaxy S24. Umoja wa Ulaya nao ukatunga kanuni, iliyoanza kutumika Juni 20, 2025, kwamba masasisho ya mfumo yapatikane kwa angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuuzwa. Wahandisi hawakugundua chochote kipya katikati ya hapo.

Tuje kwenye funguo, ambako programu yako ya benki imekwama. Unapowasha simu, programu ndogo inayoamka kwanza, mafundi huiita butiloda, hukagua kama mfumo unaofuata una saini ya kidijitali ya mtengenezaji. Kama hauna, hauwaki, isipokuwa butiloda imefunguliwa. Kinga hiyo ina faida: mwizi au kirusi hawezi kukubadilishia mfumo kimyakimya. Ubaya ni kwamba mwenye simu naye huwekwa kundi moja na mwizi.

Ugomvi huu ni wa zamani kuliko Android. Kulikuwa na kifaa cha kurekodi televisheni kiitwacho TiVo, kilichotumia Linux. Kampuni yake ilitoa msimbo kama leseni inavyodai, lakini kifaa chenyewe kilikataa kuendesha toleo lolote alilolirekebisha mtumiaji. Herufi za leseni zilitimizwa, nia yake ikapindwa. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huru, na taasisi yake, Free Software Foundation, wakaandika GPL toleo la 3, lililotoka Juni 2007, likisema kwamba anayeuza kifaa cha namna hiyo kwa watumiaji wa kawaida atoe pia kinachohitajika ili msimbo uliorekebishwa uweze kusakinishwa. Torvalds akakataa kuihamishia Linux huko. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye anataka msimbo urudi, na mambo ya kifaa ni ya mwenye kukitengeneza. Naielewa, na kwa mtu anayetunza kiini ina mantiki. Ila naamini alikosea kwa upande wetu sisi wengine. Mwaka ule ule Android ilitangazwa ikiwa imesimama juu ya kiini hicho, na kila simu yenye butiloda iliyofungwa kabisa ni mtoto wa uamuzi ule. Kwa upande mwingine, Linux ingehama, huenda watengenezaji wangechukua kiini kingine kabisa. Hilo nalo lazima lisemwe.

Programu ya benki haikuangalii wewe, na mara nyingi haitegemei ukaguzi wake yenyewe. Huuliza huduma ya Google iitwayo Play Integrity: simu hii imeidhinishwa na Google? Butiloda ikiwa wazi, au mfumo ukiwa hauna kibali cha Google, jibu linakuwa hapana, na benki inafunga mlango. Benki zina hofu ya haki, kwa kuwa simu iliyorutiwa ovyo inaweza kuwa na programu inayosoma nywila. Lakini kipimo chenyewe kinapima kibali zaidi ya usalama. Simu ya kiwandani yenye mianya ya usalama isiyozibwa kwa miaka inaweza kupita kiwango cha kawaida cha ukaguzi huo, huku simu yenye GrapheneOS, mfumo unaozibwa mianya haraka na unaoruhusu butiloda ifungwe tena kwa funguo zake, ikikataliwa. Android ina njia nyingine ya kuthibitisha mfumo, inayotumia chipu ya simu yenyewe na kumwachia msanidi achague funguo anazoziamini. Wachache wameitumia. Wengi huchukua ya Google kwa sababu imeshaandaliwa, na meneja wa benki hatafukuzwa kazi kwa kumwamini Google.

Kuna mbinu za kuudanganya ukaguzi huo. Sikushauri uzitumie kwa benki. Zinafanya kazi leo, kesho Google wanabadilisha kitu, nawe unafungiwa nje ya akaunti siku ambayo una haraka. Tumia tovuti ya benki kupitia kivinjari kama ipo, au weka programu hiyo kwenye simu nyingine isiyoguswa.

Na iPhone? Inategemea ni lipi kati ya malalamiko yako linalokuuma zaidi. Kwa masasisho, Apple wamewashinda wengi kwa muda mrefu: iPhone 5s iliyotoka mwaka 2013 ilipata kiraka cha usalama Januari 2023. Kwa programu zisizotakiwa, nyingi za Apple unaweza kuziondoa, na hakuna mtengenezaji wa pembeni wa kukubandikia zake. Kwa mamlaka juu ya kifaa, utakuwa umehama kutoka kwa mabwana wengi kwenda kwa bwana mmoja. Ilibidi sheria ya Umoja wa Ulaya iwalazimishe Apple ndipo Machi 2024 watumiaji wa huko wakaruhusiwa kuchukua programu kwenye maduka mengine. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba masasisho yao yalipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka, jambo ambalo hawakuwa wameliweka wazi kwa wateja. Ufaransa ikawatoza faini ya yuro milioni 25 mwaka 2020, na huko Marekani Apple wakakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi. Chaguo la kupunguza kasi ili simu isizime ghafla lilikuwa na maana kiufundi. Kuficha ndiko kulikokuwa na harufu.

Ajabu ni kwamba Apple nao wamejengwa juu ya programu huria. Injini ya kivinjari cha Safari, WebKit, ilitokana na KHTML, kazi ya KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu huria, na hata sehemu za kiini cha mfumo wao huchapishwa. Mtumiaji wa iPhone hapati chochote mkononi kutokana na hilo. Ndiyo maana nasema ukitaka kujua kampuni itakutendea nini, leseni iliyoandikwa kwenye msimbo haikupi jibu.

Google nao wanazidi kubana. Machi 2025 walisema Android yote itaendelezwa ndani kwa ndani, msimbo utoke toleo likikamilika. Juni mwaka huo msimbo wa Android 16 ulitoka bila faili za simu za Pixel ambazo watengenezaji wa romu, yaani mifumo mbadala kama huo ulioweka, walizizoea, wakalazimika kujitafutia wenyewe. Agosti wakatangaza kwamba kwenye simu zilizoidhinishwa, programu hata ikitoka nje ya Play Store itabidi msanidi wake awe amejitambulisha kwa Google, mpango uliopangwa kuanza Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand. F-Droid, hazina ya programu huria iliyoanza mwaka 2010, ikapiga kelele kwamba hilo linaweza kuimaliza. Baada ya malalamiko mengi, Novemba Google wakasema wataweka njia kwa watumiaji wazoefu wanaokubali hatari. Kelele zilisaidia, kwa hiyo zisidharauliwe.

Basi msimbo huria una faida gani kwako, kama kila mlango una mwenyewe? Faida yake huonekana kampuni inapoondoka. Desemba 2016 kampuni ya Cyanogen ilitangaza kufunga huduma za CyanogenMod, romu iliyokuwa maarufu kuliko zote. Msimbo ulikuwa wazi, na kabla ya mwezi kwisha waliokuwa wakiujenga walikuwa wameanzisha LineageOS. Mozilla walipoachana na mfumo wao wa simu, Firefox OS, msimbo wake ukageuka KaiOS kwenye simu za vitufe. Windows Phone ilikuwa imefungwa. Microsoft walipochoka, ikaondoka nao.

Ila watu wa kujitolea nao huchoka. Romu ya modeli yako pengine inatunzwa na mtu mmoja au wawili jioni baada ya kazi, na LineageOS huiondoa modeli kwenye orodha ikikosa mtunzaji. Machi 2024 ulimwengu mzima uliona hatari ya hali hiyo: mlango wa siri uliingizwa kwenye xz, programu ndogo ya kubana data iliyomo kwenye seva nyingi, na aliyeuingiza alikuwa amejipenyeza kwa kumsaidia mtunzaji aliyelemewa. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua kwa kuwa kuingia kwenye mashine yake kulichelewa kama nusu sekunde. Kampuni tajiri kuliko zote duniani zilikuwa zikiitegemea programu hiyo.

Kwa simu uliyonayo, ningebaki na romu hiyo maadamu inasasishwa, na ningechukua programu nyingi kadiri iwezekanavyo kutoka F-Droid: VLC ya video na muziki, Organic Maps ya ramani, KeePassDX ya kutunza nywila. Ukija kununua nyingine, angalia kwanza kama modeli yenyewe, kwa namba yake kamili, tayari imo kwenye orodha ya LineageOS au GrapheneOS. Ahadi kwamba "itakuja" usiihesabu. Uliza kama butiloda hufunguliwa, na kwa masharti gani: Xiaomi, kwa mfano, humtaka mtu ajisajili kisha asubiri. Miaka ya masasisho mara nyingi huhesabiwa kuanzia modeli ilipoingia sokoni, si siku uliyoinunua, kwa hiyo simu ya punguzo iliyotoka miaka mitatu iliyopita imeshakula sehemu kubwa ya ahadi yake. Na kabla ya kufungua butiloda hamisha picha na namba zako zote, maana kitendo hicho hufuta kila kitu kilichomo. Usijaribu kuifunga tena ukiwa na mfumo usio na saini inayotambuliwa na simu, kwa sababu huenda isiwake tena kabisa.